Kambi ya mtumbwi siku nne Boundary Waters, Minnesota: tukitoka Nairobi tujipange vipi?

Msafiri_Kasarani:
Wadau, habari zenu. Katikati ya Agosti mwakani tutakuwa Minneapolis kwa dada yangu. Tunataka kutoa siku nne, kulala usiku tatu, kwenye maziwa ya Boundary Waters mpakani mwa Marekani na Kanada. Tutakuwa watu wazima wanne, dada akiwemo. Sote tunaogelea, ila kafi tumeshika mara chache. Tunafikiria kuingilia Lake One, upande wa mji wa Ely, na kwenda kilomita 25 kwa siku. Hema, jiko na chakula tubebe kutoka hapa ili kupunguza gharama. Nirekebisheni: kibali kinapatikanaje, tubebe mizigo gani, tule nini?

Kafi_na_Hema:
Kibali kwanza, ndugu. Kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba kila lango lina idadi ya makundi yanayoruhusiwa kuingia kwa siku, na kibali chako ni cha lango moja na tarehe moja. Ukishaingia uko huru: nenda ziwa lolote, lala kambi yoyote rasmi utakayoikuta wazi, kwani aliyewahi ndiye anayeipata. Kambi rasmi utaijua kwa wavu wa chuma wa kuotea moto na choo kilicho nyuma msituni.

Nafasi hufunguliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov Jumatano ya mwisho ya Januari saa tatu asubuhi ya Minnesota, yaani saa kumi na mbili jioni ya Nairobi. Lake One ina wapenzi wengi, kwa hiyo fungua akaunti siku kadhaa kabla na uwe na malango mawili ya akiba.

Jina la kiongozi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kibali huchukuliwa kwa kitambulisho, na asiyeandikwa kama kiongozi au mbadala wake hapewi. Mwandike dada awe kiongozi, nawe uwe mbadala. Viza yako ikichelewa, wenzako bado wataingia. Na msilipie chochote kisichorudishwa kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.

Mama_Turubai:
Kaka, kilomita 25 zipunguze hadi 10 au 12. Si kwa sababu ya kafi, ni kwa sababu ya nchi kavu. Kati ya ziwa na ziwa mnabeba mtumbwi na mizigo yote begani. Ramani za huko hupima njia hizo kwa rodi, na rodi moja ni kama mita tano. Njia ya rodi 80 ni mita 400. Msipoweza kubeba kila kitu kwa mkupuo mmoja, mtakwenda na mzigo, mtarudi mikono mitupu, mtakwenda tena: mita 1,200, juu ya mawe na mizizi. Zidisha hiyo mara tatu kwa siku uone.

Kodini mitumbwi miwili ya Kevlar, yaani nyuzi nyepesi za viwandani, huko huko Ely. Mmoja una takriban kilo 20, wa alumini hupita 30. Anayeubeba huulaza kichwa chini, nira ya katikati ikakaa mabegani, na mwenzake hutangulia akimwonyesha mawe. Lakini Kevlar haipendi mwamba. Usiparamie ufuo. Simamisheni mtumbwi ukiwa bado unaelea, shukeni maji yakiwa magotini, toeni mizigo, kisha unyanyueni. Kwa hiyo vaeni viatu vya kamba vinavyochuja maji. Ndala na sandali zitawaumiza vidole.

Hema leteni kama ni jepesi. Mtungi wa gesi haupandi ndege, na jiko lisilolingana na mitungi ya huko halitawafaa, kwa hiyo jiko na gesi chukueni Ely. Leteni sweta pia, maana usiku wa Agosti huweza kuwa na baridi kama ya Limuru mwezi wa Julai.

Msafiri_Kasarani:
Asanteni sana. Mama, 12 imepita. Na chakula? Mke wangu alikuwa ameshapanga maharagwe ya kopo na nyama kavu.

Jikoni_Porini:
Vyote viwili viacheni, shemeji. Vyakula na vinywaji vya makopo na chupa za glasi haviruhusiwi ndani ya hifadhi, na nyama kavu huenda ikachukuliwa uwanja wa ndege. Unga wa mahindi mtaupata Minneapolis: gramu 600 zinatosha ugali wa watu wanne. Ndengu ziloweke asubuhi kwenye chupa pana ya plastiki, zitembee nanyi mtumbwini, jioni zitaiva haraka. Chapati za kupikwa kwa dada zifae siku mbili za kwanza.

Mtungi wa gesi wa gramu 230 huchemsha takriban lita 12, na upepo hupunguza hizo. Chajio tatu za lita tatu na chai tatu za lita mbili ni lita 15, basi chukueni miwili. Maji ya ziwa yachemke kwa nguvu dakika moja, au yapite kwenye chujio.

Dubu weusi wapo. Chakula, dawa ya meno na sabuni vifungwe pamoja na kuninginizwa mita nne kutoka chini na mita mbili kutoka shina la mti, au vikae kwenye chombo kigumu cha kukodi kilichoidhinishwa kuzuia dubu. Kutafuta tawi la namna hiyo gizani ni adha kubwa, kwa hiyo ning'inizeni kamba kabla ya kupika.

Kafi_na_Hema:
Nyongeza juu ya njia yenyewe. Lake One ina ghuba nyingi zinazofanana na wengi hupotea saa ya kwanza. Shika ramani magotini na uhesabu visiwa. Kutoka hapo mna njia mbili fupi za kubeba hadi Lake Two, kisha Three na Four mnapita majini tu. Three ni pana, ivukeni asubuhi kabla upepo haujaamka, majaketi ya kuokolea maisha yakiwa yamefungwa. Moto wa Pagami Creek wa 2011 ulipita huko na kuteketeza zaidi ya hekta 37,000, na baadhi ya miti iliyokufa bado imesimama. Kabla ya kupiga hema, tazama juu: ukiona mti mkavu unaoweza kulifikia hema ukianguka, nenda kambi nyingine, hata kama jua linazama.