Wauza samaki wa mapambo Mwanza, acheni kutuuzia majani ya ziwani na konokono wake!!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki nipoe kwanza, maana nikipoa nitanyamaza kama wengine wanavyonyamaza na hii biashara itaendelea.

Kuna duka hapa mjini kati linauza samaki wa mapambo, jina naliacha. Nilinunua pale majani ya kuweka kwenye tanki la samaki la watoto, yale marefu ya kijani yenye nyuzinyuzi yanayoelea bila mizizi. Nikamuuliza kabisa muuzaji, haya yametoka wapi? Akanijibu "mzigo wa Dar huu bosi, safi, wewe tumbukiza tu." Haya. Haikupita muda, usiku nimezima taa ya sebuleni nikamulika kioo na tochi ya simu, naona vidudu vyeupe vyembamba kama uzi wa kushonea vinajinyonganyonga kutoka kwenye changarawe vinapanda kioo. Wife akasema hilo tanki lisilale humu ndani.

Nikarudi dukani na video. Jamaa hata hakuitazama ikaisha, akatoa kichupa hakina lebo, dawa ya bluu, elfu 15, "weka kifuniko kimoja minyoo yote kwisha." Hakuuliza minyoo ya rangi gani, hakuuliza iko kwenye kioo au inaning'inia kwa samaki, hakuuliza tanki la lita ngapi. Siku zilizofuata samaki wakawa wanahema juu ya maji midomo wazi, gapi, wale samaki wadogo wa rangi, wakaanza kufa, wakafa wote, na vile vidudu bado vipo!! Mwanangu wa mwisho alikuwa amewapa majina wale samaki, nyie acheni tu.

Baada ya hapo nimesoma mpaka usiku wa manane na hili linaniuma zaidi. Vile vyeupe vyembamba vinavyojinyonga ni vidudu vya kula uchafu, vinakaa kwenye changarawe vinakula mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, havimdhuru samaki wala mtu. Vikipanda kioo kwa wingi mara nyingi ni dalili kwamba chini kumechafuka au hewa ya majini imepungua, mfano umeme ukikatika pampu ikazima. Dawa yake unapunguza chakula, unafyonza uchafu wa changarawe kwa mpira, unabadilisha robo ya maji, na maji ya bomba unayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Basi. Hela ngapi hapo? Hakuna. Ila dawa nyingi za kumwaga tu zinaweza kuua bakteria wa kwenye filta wanaomaliza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, amonia ikipanda samaki anaungua matamvua anayopumulia. Kuna minyoo mingine bapa yenye kichwa cha pembe tatu, inateleza kwenye kioo haijinyongi, hiyo ukiikata vipande kila kipande kinaota mnyoo mzima na inakula mayai ya samaki. Na ipo myekundu inayochungulia kwenye tundu la haja kubwa la samaki, hiyo ndiyo ya kumuua kweli, na dawa yake ni levamisole, ile ile ya minyoo ya mbuzi na kuku. Yaani mambo matatu tofauti kabisa na yeye ana kichupa kimoja cha bluu!

Lakini hayo yote ningemeza. Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Natoa yale majani nioshe tanki, kwenye shina nakuta konokono wadogo wa kahawia, gamba bapa lililojiviringisha, na chini ya majani ute umejaa mayai. Nikaenda tena dukani, kijana anayebeba mizigo pale akaniambia bila hata kuficha kwamba majani wanavuna ufukweni huku huku ziwani. Mzigo wa Dar!

Wakuu, mtu wa Mwanza haelezwi kichocho ni nini, watoto wetu wanamezeshwa vidonge vyake mashuleni. Kichocho cha tumbo cha Ziwa Victoria kinapitia kwa konokono wa gamba bapa hao hao. Konokono mwenye maambukizi anatoa vijidudu majini ambavyo kwa macho huwezi kuviona, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Maji ya ziwa ukiyaacha siku mbili bila konokono vinakufa, ila konokono akiwa ndani ya tanki anaendelea kutoa tu. Sisemi kila konokono anacho. Nasema watoto wangu walikuwa wanatia mikono mle kila siku kupanga mawe, na mimi navuta mpira kwa mdomo kutoa maji kama wengi wenu mnavyofanya, na huyu mtu alijua yametoka wapi akanidanganya usoni. Minyoo inayoonekana ndiyo iliyonitisha, kumbe hatari imekaa kwenye jani nililouziwa! Watoto nimewapeleka kupimwa, majibu bado.

Niliporudi kulalamika ananiambia "bosi mbona wote wanauza hivyo hivyo." Hilo ndilo jibu?? Kuyaloweka majani kwenye pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuua vijidudu, na kuyatenga wiki kadhaa kwenye ndoo huku unatoa konokono na mayai inashindikana nini? Kama huwezi basi sema ukweli, sema ni ya ziwani, mteja aamue mwenyewe.

Waliowahi kununua majani hapa mjini hebu geuzeni majani yenu muangalie chini, mkikuta konokono wa gamba bapa msiwashike kwa mkono mtupu na watoto wakae mbali na hayo maji. Na anayemjua muuzaji Mwanza anayeotesha majani yake mwenyewe tankini aniwekee hapa, Nyegezi, Buhongwa, Igoma popote nitafuata. Wewe wa mjini kati najua humu unapita, hela ya kichupa naitaka na gharama za vipimo vya wanangu utalipa.