Naomba ushauri: je, antioksidanti zinaweza kuzikinga ovari za mdogo wangu wakati wa tibakemikali?

Mleta uzi: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 29 na ambaye bado hajajaliwa mtoto, amegundulika kuwa na saratani ya titi, na daktari amempangia dawa za tibakemikali, doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, kuanzia wiki 3 zijazo. Amesoma kwamba antioksidanti, yaani viambata vinavyozuia chembe huru kuharibu seli, kama vile vitamini C na E, melatonini na koenzaimu Q10, huyakinga mayai dhidi ya dawa hizo, na tayari amenunua vidonge. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama madai hayo ni ya kweli, kwa maana sitaki kumkatisha tamaa wala kumwacha ajidhuru.

Mtafiti wa maabara: Poleni sana. Madai hayo yana asili yake. Siklofosfamidi ikishachakatwa na ini hutoa kemikali mbili kali: moja hufunga nyuzi za vinasaba zisiachane, na nyingine, akrolini, humaliza akiba ya glutathioni ambayo seli huitegemea kujikinga. Doksorubisini nayo huzalisha chembe huru za oksijeni, ambazo huharibu seli. Ukitazama kwa hadubini ovari ya panya aliyepewa dawa hizi pekee, utaona vifuko vichanga vya mayai vimepungua mno, ilhali kwa aliyeongezewa melatonini mara nyingi vinabaki vingi zaidi. Tatizo ni kwamba wengi wa panya hao hawana uvimbe wowote, kwa hiyo jaribio halituambii kama kinga ile ile ingezilinda pia seli za saratani zisiuawe na dawa. Kwa mdogo wako, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Mfamasia: Naunga mkono, na ninaongeza kwamba kinga ya kweli hutegemea mahali na wakati. Mesna, dawa inayotolewa pamoja na siklofosfamidi, hukilinda kibofu dhidi ya akrolini kwa sababu hujikusanya kwenye mkojo, wala haitegemewi kuilinda ovari. Thiosalfeti ya sodiamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kulinda usikivu wa watoto wanaotibiwa kwa sisplatini (dawa nyingine ya saratani), hutolewa saa 6 baada ya dawa hiyo ili isiizuie kufanya kazi. Vidonge vinavyomezwa kila siku havina mpango wa namna hiyo. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu wagonjwa wa saratani ya matiti uliona dalili kwamba waliotumia antioksidanti kabla ya tibakemikali na wakati wake walielekea zaidi kurudiwa na ugonjwa. Haukuwa uthibitisho kamili, lakini mimi nisingethubutu kumwacha dada yangu avimeze bila idhini ya daktari wake.

Mleta uzi: Ahsanteni. Je, basi hakuna la kufanya?

Muuguzi wa uzazi: Lipo, tena wiki hizo 3 ni hazina. Aombe rufaa leo, si wiki ijayo, kwa mtaalamu wa uzazi. Kuchochea ovari na kuvuna mayai kwa ajili ya kuyagandisha huchukua takriban wiki 2, na siku hizi huanza siku yoyote ya mzunguko wa hedhi. Aulize pia kuhusu sindano ya goserelini, ambayo huzituliza ovari na kwa kawaida huanza angalau wiki 1 kabla ya dozi ya kwanza. Husaidia baadhi ya wagonjwa, ila haichukui nafasi ya kugandisha mayai.

Mleta uzi: Uvimbe wake unategemea homoni. Uchochezi huo hautaulisha?

Muuguzi wa uzazi: Swali zuri. Mara nyingi letrozoli huongezwa ili kiwango cha estrojeni, homoni ya kike, kibaki chini, na uamuzi hufanywa kwa pamoja na daktari wa saratani. Aende na vile vidonge alivyonunua, makopo yenyewe, ili dozi zisomwe na ziandikwe kwenye faili lake.