Mtengenezaji wa ruta ametoa msimbo chanzo nusu: je, ametimiza leseni ya GPL?

Fundi_Mkondo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uelewa wa leseni za programu huria.

Kampuni yetu ndogo inasambaza intaneti kwa shule na zahanati hapa Tanzania. Ruta tunazofunga huko tunaziagiza kwa mafungu kutoka kwa mtengenezaji mmoja wa nje, ambaye hutubandikia nembo yetu juu ya kasha. Sasa ameacha kutoa masasisho ya modeli hiyo, na mianya ya usalama iliyokwisha kutangazwa bado imo. Tulipoifumua programu dhibiti yake (programu inayoiendesha ruta) kwa binwalk, chombo cha kufungua mafaili ya aina hiyo, tulikuta kiini cha Linux pamoja na BusyBox, mkusanyiko wa amri ndogondogo za Linux, vyote viwili vikiwa chini ya GPL toleo la 2, leseni inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, hivyo tukaona tuombe msimbo chanzo ili tuizibe mianya hiyo wenyewe.

Baada ya kukumbushwa mara kadhaa alituma faili moja kubwa lililobanwa. Msimbo wa kiini na wa BusyBox umo, ila faili la usanidi lililotumika halimo, draiva ya Wi-Fi imekuja ikiwa imekwisha kukompailiwa, na Makefile (faili la maelekezo ya kujenga programu) inaita kompaila iliyo kwenye folda ya mhandisi wao, ambayo kwetu haipo. Tulipolazimisha kwa kompaila yetu tulipata programu, lakini ruta ikaikataa.

Je, alichotoa kinatosha kisheria? Na kama hakitoshi, ni nani mwenye haki ya kumbana?

Wakili_wa_Msimbo amejibu:

Mkuu, hakitoshi. Kifungu cha 3 cha GPL toleo la 2 hakiishii kwenye msimbo wa moduli. Kinadai pia skripti zinazotumika kuongoza ukompailiaji na usakinishaji wa programu, na faili la usanidi wa kiini ni vigumu kulitenga na skripti hizo, kwa sababu bila hilo huwezi kupata kiini kilekile kilichomo kwenye ruta. Tena, kwa kuwa kwenye boksi hakuweka msimbo, alitakiwa aweke ahadi ya maandishi, ya miaka isiyopungua mitatu, ya kumpa msimbo mtu yeyote atakayeuomba kwa bei isiyozidi gharama ya kuutuma.

Swali lako la pili ndilo gumu. Silaha ya leseni hii ni hakimiliki, na kwa kawaida anayeishika ni aliyeandika msimbo, si aliyenunua kifaa. Kifungu cha 4 kinasema kwamba anayesambaza kinyume cha masharti hupoteza haki zake papo hapo, na kuanzia hapo kila ruta anayoiuza ni ukiukaji wa hakimiliki kama ukiukaji mwingine wowote. Njia hiyo ndiyo aliyoipita Harald Welte nchini Ujerumani mwaka 2004. Akiwa mmoja wa waandishi wa netfilter/iptables, yaani sehemu ya kiini inayochuja pakiti za mtandao, aliishtaki kampuni ya Sitecom iliyokuwa ikisambaza ruta zenye msimbo huo bila kufuata GPL. Mahakama ya Munich ilitoa amri ya zuio, na Mei mwaka huohuo ikaithibitisha, ikikubali kwamba masharti ya GPL ni halali na yanatekelezeka. Hakudai mamilioni, alidai usambazaji usimame mpaka masharti yatimizwe, na kwa muuza ruta hilo linauma kuliko faini.

Marekani mfano mkubwa ni wa Linksys. Mwaka 2003, muda mfupi baada ya Cisco kutangaza kuinunua kampuni hiyo, watu waligundua kwamba ruta ya WRT54G ilikuwa na Linux ndani na msimbo haukutolewa. Kelele zilipozidi msimbo ukatolewa, na ndimo ulimozaliwa mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, programu dhibiti huria ya ruta. Lakini ukiukaji katika bidhaa nyingine za Linksys uliendelea kujitokeza, hadi Desemba 2008 Free Software Foundation, taasisi iliyoandika leseni ya GPL, ikaishtaki Cisco huko New York kwa msimbo ambao hakimiliki yake ni ya taasisi hiyo yenyewe, kama kompaila ya GCC na maktaba ya C ya GNU. Kesi iliisha kwa maridhiano Mei 2009: Cisco ikakubali kuteua msimamizi wa programu huria kwa upande wa Linksys, kuwajulisha wateja waliokwisha kupokea bidhaa kuhusu haki zao, na kuichangia taasisi hiyo fedha. Tazameni muda uliopita hapo katikati: zaidi ya miaka mitano ya barua na mazungumzo kabla ya mtu kwenda mahakamani.

Kiini_Kikavu amejibu:

Naunga mkono, ila nimtahadharishe mtoa mada asianze na draiva ya Wi-Fi. Suala la kama draiva iliyokompailiwa na kupachikwa kwenye kiini ni kazi iliyotokana na kiini hicho, na hivyo inafungwa na GPL, limebishaniwa miaka mingi. Mtengenezaji atakuambia draiva ni ya mwenye chipu na hana ruhusa ya kuitoa, na huenda anasema kweli. Ukiliweka hilo mbele, atajibu hilo tu na kuyaacha yale ambayo hana jibu lake.

Anza na faili la usanidi, kompaila na hatua za kusakinisha. Kuhusu ruta kuikataa programu yenu, kwanza hakikisheni kama kinachokosekana ni kichwa cha faili chenye namba ya modeli na jumla ya ukaguzi (namba ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika), au ni saini ya kidijitali. Kama ni kichwa tu, chombo cha kukitengeneza ni sehemu ya usakinishaji na anapaswa kukitoa. Kama ni saini, mambo yanakuwa mazito, kwa sababu sharti la wazi la kutoa taarifa za usakinishaji kwa vifaa vya watumiaji lilikuja na GPL toleo la 3 mwaka 2007, na kiini cha Linux kilibaki kwenye toleo la 2.

Wakija na kisingizio kwamba mamlaka za masafa ya redio zinawakataza, msikubali haraka. Mwaka 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa tume ya mawasiliano ya Marekani kwa sababu ruta zake ziliweza kuongezwa nguvu kupita kiwango, na katika makubaliano hayohayo iliahidi kushirikiana na jumuiya ya programu huria ili programu dhibiti za watu wengine ziweze kuwekwa kwenye ruta zake.

Na mnunuzi si kwamba hana mlango kabisa. Mtengeneza programu mmoja wa Ujerumani alinunua ruta ya kampuni ya AVM ya hukohuko, akaomba msimbo, akapewa usiokamilika kama wako. Mwaka 2023 alifungua shauri Berlin kwa kutumia LGPL, leseni ndugu ya GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba, ambayo maktaba zilizomo ziko chini yake, akisaidiwa na Software Freedom Conservancy, taasisi ya kutetea programu huria, akidai hasa zile skripti za kukompaili na kusakinisha. AVM ilitoa kilichobaki na kulipa gharama za mwanasheria wake. Kwa kuwa walikitoa kabla ya hukumu, mahakama haikufika kwenye undani wa hoja, kwa hiyo msiichukue kama uamuzi wa kufuatwa.

Bandari_Kuu amejibu:

Wakuu, mmemsahau msambazaji mmoja: mtoa mada mwenyewe. Ruta zina nembo ya kampuni yake na anawapa wateja kibiashara. Kwa GPL huyo naye anasambaza, na kile kipengele cha kupitisha tu ahadi uliyopewa na mwingine kinaruhusiwa kwa usambazaji usio wa kibiashara pekee. Shule moja ikiandika barua kuomba msimbo, anayetakiwa kujibu ni yeye.

Desemba 2007 waandishi wa BusyBox waliishtaki Verizon kwa ruta zilizotengenezwa na Actiontec, kwa sababu Verizon ndiyo iliyozigawa kwa wateja wake wa intaneti. Machi 2008 yakafikiwa maridhiano ambayo Actiontec ilibeba mzigo wake. Mwaka 2009 hata Best Buy, ambayo ni duka, iliingizwa kwenye orodha ya washtakiwa 14. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine, hivyo umbali si kinga.

Fundi_Mkondo ameandika tena:

Nashukuru, ingawa hili la mwisho limenikosesha amani. Ina maana tuzing'oe ruta zote?

Wakili_wa_Msimbo amejibu:

Hapana, usizing'oe. Waandishi wengi wa kiini walitangaza mwaka 2017 kwamba anayekiuka kwa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu apewe taarifa, haki zake zinarudi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2015 na Software Freedom Conservancy pamoja na Free Software Foundation nazo zinasema lengo ni utiifu, na mahakama ni hatua ya mwisho. Wapo waliokwenda kinyume kwa kutafuta fedha, na mmoja wao alisimamishwa na wenzake wa netfilter mwaka 2016.

Mwandikieni mtengenezaji barua rasmi mkiorodhesha mafaili yanayokosekana, kila moja kwa jina, na mmwambie wazi kwamba ninyi ni wasambazaji mnaohitaji kutimiza wajibu wenu. Asipojibu, pelekeni taarifa Conservancy mkiambatanisha programu dhibiti yenyewe, faili alilotuma na nakala za barua zote. Kwa oda ijayo wekeni kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya fundi wenu kukompaili msimbo wao kwenye kompyuta yenu na kuuwasha kwenye ruta moja ya majaribio, na kabla ya kusaini angalieni kama chipu yake imo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt.