Atrofia, yutrofikesheni, trofozoiti: je, mzizi ni mmoja?

Mwanafunzi wa uuguzi, Jinja
Wapendwa, naomba msaada wenu. Tumefundishwa kwamba misuli ya mguu uliokaa muda mrefu ndani ya plasta hupungua, na hali hiyo huitwa atrofia. Jioni ya siku hiyohiyo nikasikia redioni kwamba Ziwa Victoria linasumbuliwa na yutrofikesheni. Mguu uliokonda na ziwa lililojaa mwani vina undugu gani?

Fundi wa maabara, Mbale
Dada, mzizi ni mmoja: neno la Kigiriki *trophē*, yaani chakula au malezi, litokanalo na kitenzi *trephein*. Hapo kale kitenzi hicho kilimaanisha pia kugandisha, kama maziwa yanavyogandishwa, jambo ambalo sidhani litawashangaza wafugaji wa Ankole. Kinachobadilika ni kiambishi cha mbele: *a-* ni kukosa, *hyper-* ni kuzidi, *dys-* ni kasoro, *eu-* ni vizuri. Kwa hiyo atrofia ni kukosa lishe, ingawa msuli ulio ndani ya plasta haukunyimwa chakula bali kazi. Mimi nakutana na mzizi huu kila siku kwenye hadubini, katika jina trofozoiti: hatua ya kimelea cha malaria ambayo, ikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini na kunenepa.

Afisa wa uvuvi, Entebbe
Kuhusu ziwa, hiyo *eu-* isikudanganye, kwa kuwa "lishe nzuri" hapa ni shibe inayoua. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye maji machafu ya miji (hapa kwetu mfereji wa Nakivubo hubeba ya Kampala hadi Ghuba ya Murchison) huustawisha mwani kupita kiasi. Mwani huo ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi.

Mwanafunzi wa uuguzi, Jinja
Ahsanteni sana. Basi na ile homoni inayotafutwa kwenye kipimo cha mimba? Kitabu kimoja kinaandika gonadotrofini, kingine gonadotropini.

Fundi wa maabara, Mbale
Hapo mizizi miwili imegongana. *Tropos* ni mgeuko au mwelekeo, na ndiyo iliyozaa tropiki na troposfia, ambazo hazihusiani na chakula hata kidogo. Waingereza wengi wameandika homoni hiyo kwa *ph*, kana kwamba inalisha tezi za uzazi. Wamarekani wanaiandika kwa *p*, kwa maana ya kuzielekea. Ajabu ni kwamba homoni yenyewe hutolewa na trofoblasti, tabaka la seli linalokilisha kiinitete, ambalo bila ubishi ni la *trophē*. Kwenye mtihani, andika kama mwalimu wako anavyoandika.