Mjadala: Wakitaka kuteremsha umeme wa jua kutoka angani hapa kwetu, tukubali?

Mwanzisha mada, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Pwani. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, walituma nishati kidogo mno kwa mawimbi ya maikrowevu kutoka kwenye chombo kilichokuwa kikizunguka dunia, ikanaswa Pasadena. Tangu hapo, kila tukilalamikia bei ya stima, hakosi mtu wa kusema kwamba paneli zitawekwa juu kusikokuwa na mawingu, zinase jua karibu saa zote na kutuma umeme chini kwa mwale wa mawimbi hayo, na sisi wa karibu na Ikweta tutaombwa mahali pa kuupokelea. Silipuuzi hilo. Pale Ngomeni roketi zilirushwa kutoka baharini tangu 1967 hadi 1988, na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilipaa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Wenye mambo ya anga wanaijua pwani hii.

Msimamo wangu: wakija, jibu la kwanza liwe hapana. Lakini tukatae kwa sababu za kweli.

Habari kwamba mwale huo utawachoma watu wakipita njiani zimetiwa chumvi. Katika mpango wa umeme wa angani uliochunguzwa na NASA, shirika la anga la Marekani, na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, setilaiti ya megawati 5,000 ingekaa karibu kilomita 36,000 juu, na katikati ya mwale nguvu ingefika wati 230 kwa kila mita mraba. Jua la mchana hapa Malindi hukaribia 1,000. Wanaoutetea mradi huishia hapo, nami nasema hesabu haijaisha. Joto la jua huishia kwenye ngozi, maikrowevu hupenya ndani ya mwili. Kiwango cha juu cha usalama cha kimataifa kwa raia ni wati 10 kwa mita mraba. Kwa hiyo katikati ni mara 23 ya kiwango, na ni pembezoni tu ndipo nguvu inaposhuka hadi 10.

Maana yake eneo zima la kupokelea lizungushiwe ua. Kwa mpango ule, karibu na Ikweta ni duara la upana wa kilomita 10, kama ekari 19,000. Za nani? Huko Gongoni na Marereni wako wengi wanaoishi kwenye ardhi ya babu zao bila hati, na viwanda vya chumvi vimeshakaa ufuoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko mwale wenyewe.

Fundi wa sola, Lamu

Waaleikum salaam kaka. Umeacha mambo mawili. Kwanza, mwale hauelekei popote tu: kituo cha chini hutuma ishara juu, antena zote za setilaiti zinajipanga kwa ishara hiyo, na ikikatika mwale hutawanyika ukapoteza nguvu. Pili, kipokezi ni wavu wa antena ndogondogo. Mwanga na mvua hupita, na waliouchora walisema chini yake pangeweza kulimwa. Sisi Lamu tuliukataa mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050. Tukikataa na hili, hospitali zetu zitawashwa na nini usiku?

Mama wa Mambrui

Mimi nauliza ndege. Mdomo wa mto Sabaki hushukiwa na heroe na wageni wengine kutoka mbali. Ua utamzuia ng'ombe, ndege je?

Mwanzisha mada, Malindi

Mama, swali lako ni zito. Wamarekani waliwahi kuwaweka nyuki kwenye mawimbi hayo kwa muda mfupi na hawakuona madhara ya maana. Lakini nyuki wa muda mfupi si ndege anayezunguka juu ya mwale msimu mzima, na mtambo wenyewe ungekaa miaka mingi. Mimi siwezi kukubali jibu la nyuki litumike kwa heroe.

Fundi, kwenye ishara nakubaliana nawe, ulinzi ule ni mzuri. Naomba tu tuandikiwe kisheria nani anashika swichi ya kituo cha chini, na nani anapima mionzi nje ya ua. Asiwe mwenye mtambo. Kwenye kilimo sikubaliani. Mkulima atakayeingia chini ya wavu atapita wapi, na siku wavu ukitoboka nani atamwambia?

Makaa ya Kwasasi umeyataja vizuri. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu hapa Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Mara zote mbili watu walisikilizwa wakiwa wameshafika kortini. Safari hii nataka tusikilizwe kabla ya kigingi cha kwanza.

Na hospitali za usiku? Mapema 2024 NASA ilitoa ripoti: kwa mipango iliyoipima, umeme wa angani ungegharimu mara 12 hadi 80 ya ule wa jua na upepo wa ardhini. Langobaya tayari tuna mtambo wa jua wa megawati 40, na hauhitaji setilaiti yoyote. Wewe ndiye fundi: fedha hizo zikinunua betri za kulaza umeme wa Langobaya hadi alfajiri, Lamu ingekosa nini? Tupigie hesabu hapa, wengine waione.