Togwa imekataliwa kwenye kipaimara, maandazi yameruhusiwa. Kwa haki gani?

MtotoWaSongea: Wanajukwaa, naombeni mawazo. Usharikani kwetu kuna sherehe ya kipaimara mwezi ujao. Kamati ya chakula imefuta togwa, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na kimea, sababu eti ni kilevi. Soda zipo, maandazi yapo, keki ya ngazi tatu ipo. Sasa nauliza, maandazi yanaumuliwa na nini kama si hamira? Hamira ikila sukari inatoa hewa na inatoa pombe, vyote kwa pamoja. Kama kipimo ni pombe, tuanze na maandazi. Togwa nimenyweshwa tangu sijaota meno. Kuiita kilevi mbele ya mama zetu ni kuwavunjia heshima.

MzeeWaBaraza: Mwanangu, wewe unazungumzia togwa ya siku ya kwanza. Sherehe ni Jumapili, togwa inakorogwa Ijumaa, inawekwa kwenye ndoo za plastiki karibu na jiko. Jumapili mchana ukifunua mfuniko povu linakupokea. Vijana wanalijua hilo, ndiyo maana wanagombea ndoo iliyokaa zaidi. Andazi halijawahi kumlaza kijana mtaroni.

MtotoWaSongea: Mzee shikamoo. Lakini "vijana" ndio nani? Sisi wa kusini kila tukitaja kinywaji chetu tunaonekana walevi.

MzeeWaBaraza: Marahaba. Sijataja kusini.

FundiTanuri: Mimi kazi yangu ni mikate. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote zinatoa kama gramu 92 za pombe na gramu 88 za hewa ukaa. Karibu nusu kwa nusu. Asiyeamini afunue beseni la unga ulioumuka usiku kucha, aukandamize kwa ngumi, halafu ainamie. Ile harufu inayochoma pua si ya ngano. Pombe inachemka nyuzi 78, na katikati ya mkate tanurini joto linakaribia 100, kwa hiyo nyingi inaondoka na mvuke. Inabaki chembe. Huko London karne ya 19 kuna kampuni ilijaribu kuikusanya pombe hiyo ya tanuri iiuze. Mwoka mikate mshindani akatangaza kwamba mkate wake bado una kileo chake ndani, watu waje kununua.

DerevaUsiku: Kwa hiyo trafiki akinipulizisha baada ya chai na mkate nimekwisha?

FundiTanuri: Sukutua mdomo kwa maji, subiri robo saa. Hiyo ni pombe ya mdomoni, haijaingia kwenye damu.

DerevaUsiku: Nenda kamweleze hivyo trafiki saa nane za usiku.

Uluguru_Juu: Hoja ya Songea ni nzito na nashangaa inakwepwa. Wasabato kwenye meza ya Bwana wanatumia mkate usiotiwa chachu na maji ya zabibu yasiyochachuka. Kanuni moja, pande zote mbili. Nyie mnaokunywa divai altareni mkakataza togwa ukumbini, kanuni yenu ni ipi? Halafu hili si jipya. Pwani vitumbua viliumuliwa kwa tembo la mnazi miaka na miaka, na waliovila walikuwa wacha Mungu.

Binti_Mrima: Weee! Ishia hapo hapo. Vitumbua vya nani? Bibi yangu kaswali mpaka anaingia kaburini, nyumbani kwake tembo halikukanyaga kizingiti. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui, hamira, hiliki, sukari. Basi. Usitusingizie.

Uluguru_Juu: Dada, hamira ya pakiti imeanza kuuzwa lini kijijini kwenu? Kabla yake waliumua kwa kitu gani?

Binti_Mrima: Kwa chachu ya jana! Unaacha kidogo kwenye chungu, kesho unachanganyia. Mtu hajui kitumbua kinamiminwa vipi, anakuja kutufundisha historia.

Pangani_Mwera: Binti, na mimi ni wa huko huko. Marehemu bibi alikuwa ananituma kwa mgema asubuhi na kikombe, tembo likiwa bado tamu, linatiwa kwenye mchele uliosagwa. Hakuna aliyelinywa. Ukilichelewesha mpaka jioni limeshakuwa kali, na yeye alilimwaga. Goa kule India walioka mikate yao kwa tembo hilo hilo, na Sri Lanka kuna vibibi vyao vya unga wa mchele vinaumuliwa vivyo hivyo.

Binti_Mrima: Sijaishi Goa. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, endelea kumsifu.

Ustadh_Kisiwani: Tupunguze jazba. Hadithi iko wazi: kinacholevya kwa wingi wake, kidogo chake ni haramu. Sasa mkate, hata uule mwingi namna gani, utavimbiwa lakini hutalewa. Kwa hiyo haumo. Siki imetoka kwenye kilichochachuka, na Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Aliloweshewa tende asubuhi akanywa jioni, na ikizidi siku tatu hakuinywa. Malaysia mwaka 2011 wanazuoni waliweka mpaka wa asilimia 1 kwa vinywaji visivyotengenezwa kama pombe. Indonesia wakaweka nusu yake. Muda na kulevya, hapo ndipo pa kuangalia. Harufu na jina si hoja.

Uluguru_Juu: Ustadh, na tembo la asubuhi kwenye kitumbua?

Ustadh_Kisiwani: Hilo mwulize sheikh wako, ana kwa ana. Sitaki kugombanisha watu na bibi zao.

MtotoWaSongea: Jamani, mada ni togwa! Aliyoisema Ustadh ndiyo nitaipeleka kwenye kamati. Uji wa mahindi unapikwa Jumamosi jioni, unapoa mpaka vuguvugu, kimea cha ulezi kinakorogwa, asubuhi ni tamu yenye uchachu kidogo, na saa kumi ndoo zinamwagwa hata kama zimejaa. Mzee, hapo una pingamizi gani?

MzeeWaBaraza: Nani atasimama kumwaga? Nitajie jina la mtu atakayemwaga ndoo tatu za togwa mbele ya wajomba, nami nitakuunga mkono.

MtotoWaSongea: Mimi mwenyewe. Na mama yangu atasimama pembeni.

MzeeWaBaraza: Basi andika kwenye barua ya kamati, usiseme kwa mdomo tu. Na sukari ya kuongeza isionekane karibu na ndoo.

Binti_Mrima: Pangani_Mwera, bado nakusubiri. Mgema gani huyo, wa kijiji gani? Mimi watu wa Pangani nawajua mmoja mmoja.

DerevaUsiku: Na mimi hiyo robo saa inahesabiwa kuanzia chai au kuanzia mkate?