PC yangu ya kwanza ya gemu, feni zinazunguka ila taa za RGB (za rangi rangi) haziwaki, umeme wake nautoa wapi wakuu?

Kibatari2: Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana toka jana usiku sijalala. Nimejichanga karibia mwaka mzima nanunua kitu kimoja kimoja, juzi ndo nikamalizia kesi ya kioo na feni 3 za RGB pale Kariakoo, jana nikaifunga mwenyewe bila fundi na ikawaka mara ya kwanza tu, mama akatoka jikoni akidhani kuna msiba jinsi nilivyopiga kelele. Nimetumia prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) B450, ram 16, SSD 500 na pawa saplai ya wati 550. Gemu la mpira linacheza fresh. Shida ni taa tu. Feni zote zinazunguka ila taa hata kupepesa hazipepesi. Kila feni ina waya mbili, mmoja wa kuzungusha na mwingine wa taa. Swali langu dogo tu, naweza kuchukua umeme wa hizo taa moja kwa moja kwenye waya wa SATA, ule wa pawa saplai unaolisha umeme diski? Kuna fundi redio hapa mtaani kasema ananichomea kwa dakika 10. Matusi sitaki, nawasilisha.

Sungusungu_wa_Tabata: Ngoja waje wataalamu, nimeshatandika mkeka.

MpigaDebe: Mkuu draiva hizo. Ingia tovuti ya waliotengeneza mazabodi yako, shusha programu ya taa, uwashe upya. Kesi imeisha hapo.

Kibatari2: Nimeshaweka programu mkuu, inasoma ram na mazabodi ila feni hazionekani kabisa.

BabaWawili: Vijana mna mambo. Kompyuta ya kazi inahitaji taa za nini, unafungua kumbi ya harusi? Mimi nimeajiriwa nikakuta kompyuta ina taa moja ya kijani na tumefunga mahesabu miaka yote hiyo bila kukosea hata senti. Halafu mnalalamika umeme unaisha kwenye luku.

Chopa: Mzee taa zinaongeza spidi, nyekundu inaongeza zaidi 😂

FundiWaya: Kijana, waya wa taa una pini ngapi? 3, 4, au ni ile koneta ya matundu 6 ya kwenda kwenye kontrola yake, kile kiboksi cha kuendesha taa? Na umeuchomeka wapi? Tuanzie hapo, SATA iache kwanza.

Kibatari2: Waya uko sawa mkuu, nimeangalia video tatu YouTube kabla ya kufunga. Mimi ninachotaka kujua ni hiyo SATA tu kama inafaa, maana fundi nimeshampa advansi ya elfu 10 na anakuja saa 10 jioni.

FundiWaya: Pini ngapi?

MamaNtilie_IT: Jibu swali la watu wewe mtoto.

Kibatari2: Tatu. Yaani zina matundu kama ya nne ila moja limezibwa.

FundiWaya: Sasa hapo tunaelewana. Hiyo ni ARGB ya volti 5. Waya mmoja ni volti 5, wa pili ni data, kisha nafasi iliyozibwa, wa mwisho ni hasi. Kila LED ina kachipu kake ndani, inapokea amri kupitia ule wa data halafu inampasia mwenzake wa mbele, ndo maana zinakimbiza rangi kama mwenge. Zile za pini 4 ni RGB ya kawaida ya volti 12, hazina chipu, ni waya wa kijani, mwekundu na wa bluu basi, taa zote zinakaa rangi moja kwa wakati mmoja. Hivi vitu viwili havichanganywi. Na huyo fundi redio akikuungia volti 5 za SATA bila data hutaona kitu, LED itakaa inasubiri amri mpaka Idi. Sasa niambie umechomeka wapi kwenye mazabodi.

Kibatari2: Kuna sehemu moja tu imeandikwa RGB kule chini kwenye kona.

FundiWaya: Pembeni imeandikwa 12V?

Kibatari2: Ndio ila nilichomeka kidogo tu, kama sekunde 10. Nilianza na feni mbili nimeziunganisha, ikapiga mweupe mara moja halafu kimya. Kaharufu kalikuwepo kidogo ila nikajua ni upya wa vitu. Na mimi niliwaza hivi, kama inataka 5 na ikapewa 12 si ndo itawaka zaidi? Mtu akikupa chakula kingi hufi.

Chopa: Mkuu kula sahani kumi kwa sekunde moja utuletee majibu

FundiWaya: Pole sana kaka. Hizo mbili taa zimekufa. Feni zinaendelea kuzunguka kwa sababu mota ina waya wake na yenyewe kweli ni ya volti 12, ndo maana ulichanganyikiwa.

KijanaWaMbagala: Mimi yalinikuta haya haya ila kwenye redio ya gari, nilikuwa na kale ka Vitz kangu ka silva, nikaungaunga waya wa taa za chini ya siti zile za bluu, tupo barabarani na shemeji tunaenda Kibaha naona moshi unatoka kwenye miguu yake, anasema ni perfume imemwagika wakati perfume haitoi moshi, tukasimama pale Mlandizi nikakuta fyuzi nilikuwa nimeiwekea karatasi ya sigara. Shemeji mpaka leo akipanda gari langu anakaa nyuma.

Sungusungu_wa_Tabata: Kibaha na Mlandizi wapi na wapi, mlipita mkaenda mbele zaidi? 🤔

KijanaWaMbagala: Hiyo ni stori nyingine.

Kibatari2: Sasa wakuu mnanichanganya. Fundi anasema ataweka rizista ishushe 12 kuwa 5 halafu tunachomeka pale pale. Nimeshanunua hizo rizista, mbona naona kama ni wazo zuri?

FundiWaya: Rizista haishikilii volti. Inachoshusha kinategemea umeme unaopita, na taa inabadilisha rangi kila sekunde, nyeupe inakula nyingi, nyekundu peke yake inakula kama theluthi, ikizimwa haili karibu chochote na hapo volti inarudi juu kule kule kwenye 12. Unaua na ya tatu. Ya tatu uliichomeka?

Kibatari2: Hapana, ya tatu waya wake haukufika.

FundiWaya: Shukuru huo ufupi wa waya.

BwanaUshahidi: Wakuu samahani kuwaharibia, ila hii ni CHAI. Nimesoma kimya toka mwanzo sasa nasema. Moja, koneta ya pini 3 ina tundu limezibwa, sehemu ya 12V ina pini 4 zimesimama. Haiingii hata umwite baunsa. Ameichomekaje? Mbili, ametaja Ryzen 5 5600, haina picha ndani yake, na kwenye orodha yake hakuna GPU, yaani kadi ya picha. Hilo gemu la mpira analicheza kwenye kioo cha saa? Leteni maandazi.

Chopa: Maandazi yamefika, ya moto ☕

MpigaDebe: Duh nilishaanza kumhurumia. Kuna jamaa kule kwenye matangazo wiki hii anauza kontrola za taa elfu 25, usikute ni yeye yule yule anajipigia debe.

MamaNtilie_IT: Mimi toka mwanzo nilimshangaa, mtu hajalala ila ana muda wa kuandika barua yote ile.

BabaWawili: Vijana hamna kazi. Anayetunga na wanaomjibu.

Sungusungu_wa_Tabata: Nakunja mkeka.

Kibatari2: Wallahi sio chai jamani!! Ni 5600G, ile yenye picha ndani, nilisahau kuandika G. GPU sijanunua, hela iliisha, nikaona nianze na kesi na taa ili hata nikiiangalia nipate moyo wa kujichanga tena. Sio mimi ninayeuza kontrola, hata sijui kontrola inafananaje.

BwanaUshahidi: Sawa, G nimekusamehe. Pini je?

Kibatari2: Niliikata.

BwanaUshahidi: Ulikata nini?

Kibatari2: Pini ya tatu ya mazabodi. Ilikuwa inazuia. Nilitumia kikatia kucha. Picha hii hapa mwisho wa uzi, mnaona kisiki chake. Ndo maana sikutaka kusema mwanzo, nilijua mtaanza.

Chopa: KIKATIA KUCHA 😭😭😭

Sungusungu_wa_Tabata: Natandika tena.

BwanaUshahidi: Nimeiona picha. Naomba radhi hadharani, hakuna mtu anayeweza kutunga hii.

FundiWaya: Miaka yote nimefungua makompyuta ya watu nimekuta mende, nimekuta sarafu, mara moja kijiko, lakini hili jipya. Haya sikiliza, kwenye bodi nyingi hapo mpangilio ni 12V, kijani, nyekundu, bluu. Umekata nyekundu. Bodi itaendelea kufanya kazi ila siku ukiweka taa za pini 4 hapo utapata kijani na bluu tu. Kisiki usikiguse, hakikisha hakijalala kikagusana na jirani yake, na pale usichomeke kitu tena.

Kibatari2: Asante mkuu. Basi nimeamua hivi, kesho nazirudisha zile mbili dukani nasema nimezikuta hivyo, wana warantii ya wiki moja. Nao si walipaswa kuniuliza mazabodi yangu ina sehemu gani kabla ya kuniuzia?

MamaNtilie_IT: Hapo sasa unataka dhambi. Nina duka la vifaa mimi, watoto kama nyie ndo mnatumaliza. Faida ya feni moja ni nauli ya daladala tu, wewe umezichoma na kucha zako unamrudishia mwenzio hasara, yeye naye kule alikozinunua jumla hawampokei.

KijanaWaMbagala: Mama acha hizo, nyie mkituuzia feki mbona hamtufuati nyumbani kuturudishia hela?

MamaNtilie_IT: Mimi siuzi feki. Njoo dukani uone.

KijanaWaMbagala: Lipo wapi?

MamaNtilie_IT: Nikikuambia uje na Vitz yako inayotoa moshi?

Kibatari2: Sio dhuluma jamani, ni kujaribu tu. Akikataa basi.

FundiWaya: Akiinusa tu anajua. LED iliyoungua ndani ina kadoa keusi, haifichiki. Mimi nakushauri hivi, mwambie ukweli, pengine atakuuzia mbili kwa bei ya kuchukulia, wengine wana roho. Halafu nunua kontrola ndogo ya ARGB inayokula umeme kwenye SATA, ina kitufe au rimoti. Hapo SATA yako uliyoililia inaingia kihalali, volti 5 inatoka huko na data inatoka kwenye chipu ya kontrola. Feni yako ina LED ngapi?

Kibatari2: Nimehesabu 8.

FundiWaya: Feni 3 ni LED 24. LED moja ya hivi ikiwa nyeupe kamili inakula kama miliampia 60, kwa hiyo zote 24 ni ampia 1.44, wati 7 na kidogo. Pawa saplai yako ya 550 haitajua hata kama zipo. Ila angalia mshale kwenye koneta, ule upande ndo volti 5, uelekeane na 5V ya kontrola. Na ukiona kontrola inatumia Molex, ile koneta kubwa ya zamani ya pawa saplai, waya mwekundu ni 5 na njano ni 12, usiruhusu mtu yeyote azibadilishe. Unganisha PC ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani.

MpigaDebe: Ile ya elfu 25 kule kwenye matangazo inakula SATA, nimeiangalia 😅

BwanaUshahidi: MpigaDebe, mbona wewe ndo unaitaja mara ya pili?

MpigaDebe: ...

Chopa: Maandazi yamebaki, nani anataka

Kibatari2: Wakuu mrejesho. Kontrola nimeinunua Kariakoo elfu 18, sio ya MpigaDebe. Feni ya tatu IMEWAKA, inazungusha rangi zote, mama kasema ni nzuri ila inamuumiza macho. Zile mbili nilijaribu kuziunganisha nyuma yake, hazijaonyesha kitu, ila ile moja haikuathirika. Muuzaji nilimwambia ukweli mpaka wa kikatia kucha, kacheka akawaita na wenzake wa duka la jirani waje kusikia, halafu akanipunguzia elfu 5 kwa kila feni nikirudi mwisho wa mwezi.

MamaNtilie_IT: Umeona sasa.

FundiWaya: Safi. Hiyo inayowaka iweke mbele, usiiweke nyuma ya kesi.

Kibatari2: Nimeiweka mbele mkuu. Kilichobaki ni yule fundi redio, hataki kurudisha advansi, anasema alishajiandaa kisaikolojia. Kuna mtu anajua namna ya kumdai?

BabaWawili: Mpe atengeneze redio.

Kibatari2: Redio hatuna mzee.

KijanaWaMbagala: Mimi ninayo, ya kwenye Vitz. Niunganishe naye.